Spika ya Kushoto

Juni 6

Redio imetangaza asubuhi kwamba masika yameingia rasmi. Hawakuwa na haja ya kuniambia, nguo nilizoanika juzi bado zinanuka. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mapishi, lakini baada ya niliyoyaona leo, mapishi yatasubiri.

Nimerudi sokoni na kapu langu, nakuta kigari cha mizigo kimeziba mlango wetu. Ndani, milango ya karatasi ya chumba cha mikeka imeng'olewa yote minne, na wanaume watatu waliovua viatu wanasukuma kitu kikubwa kama jokofu. Jokofu wapi! Spika. Na nyingine inafuata nyuma! Zimetoka kwenye sinema ya zamani ya hapa Tsuyama, ile iliyobomolewa mwaka juzi, na umri wake ni sawa na wangu.

"Baba Chizuru," nikamwita mume wangu, "hizi ni za nani?"

Akajifanya hasikii. Nikarudia kwa sauti. Akageuka, akatabasamu.

"Za kwetu, Mama Chizuru. Toka hapo, zitakukanyaga."

Kapu likaniponyoka, mayai yote yakavunjika. Jamani, miaka thelathini na nne ya ndoa! Mume wangu Tetsuro alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano. Hakuna shule wala ukumbi katika mji huu ambao haukumwita. Mwezi wa Februari alirudi nyumbani, akaweka mkoba wa vifaa kabatini, akasema, "Mikono imechoka." Basi. Hakueleza zaidi, na piano hajaigusa tena. Nyumbani hakutaka hata redio ya maana, eti kelele za kazini zinamtosha. Leo ameniletea sinema nzima.

Na ameziweka wapi? Moja kulia na moja kushoto ya kabati la kuwaombea marehemu wetu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akikasirika hata sufuria zikigongana, sasa picha yake iko katikati ya spika mbili. Nimewasha ubani nikamwomba msamaha.

Juni 7

Mvua. Sijamsemesha.

Juni 9

Leo imeletwa amplifaya. Ina balbu za kioo tisa zinazowaka rangi ya chungwa, na inachemka utadhani jiko. Ya mwaka ambao mimi nilianza shule. Mashine ya kuzungushia santuri nayo ni kuukuu, sahani yake nzito kama kifuniko cha kisima.

Aliyemtia ufunguo nimemjua: Daktari Mizoguchi, daktari wa meno wa mtaa wa pili. Yeye ana ugonjwa huu wa vyombo vya zamani tangu ujana. Kwake amesimamisha nguzo ya umeme ya peke yake uani, eti umeme unaopita kwa majirani unakuja na uchafu wa majokofu yao.

"Shemeji," akaniambia huku anakunywa chai yangu, "bila nguzo yenu wenyewe, mtakuwa mnasikiliza mashine ya kufulia ya jirani."

"Ile mashine naisikia hata sasa, Daktari, na sijafa."

Akacheka. Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa anachungulia dirishani, anapima kwa macho kichaka changu cha maua ya ajisai, nilichokipanda mwaka aliozaliwa Chizuru.

Juni 10

Salale! Mtu wa nguzo anakuja wiki ijayo kupima. Na nguzo itasimama palepale penye ajisai.

Nimechoka. Kwanza aliacha kazi bila neno. Machi akahama kiti mezani: miaka yote amekaa kulia kwangu, ghafla akahamia upande wa pili, eti kuna baridi. Baridi gani inayochagua kiti? Tangu hapo nikiongea anatia pamba masikioni. Namuuliza kitu, anaendelea na gazeti lake. Nampa mgongo, ananipa mgongo.

Leo nimemsimamia mbele, nikamwambia wazi: "Mvua zikikatika, ama masanduku haya yatoke, ama mimi natoka. Nitakwenda kwa Chizuru, Nagoya."

Akasema, "Mvua zikikatika. Sawa."

Sawa! Mtu anaambiwa mke anaondoka, anajibu sawa. Nimeshusha mkoba wangu mkubwa toka juu ya kabati na kuuweka pale ambapo ataupita kila akienda kunawa.

Juni 12

Nimetia chumvi plamu kilo tano. Yeye alisikiliza santuri moja mara sita.

Juni 14

Ukungu umeanza. Kila masika ni hivi, lakini mwaka huu majokofu yale yamezuia hewa na mikeka imeota manyoya ya kijani. Baba Chizuru alikwenda kunyoa, nikaingia na siki na matambara. Nyuma ya spika kuna nyaya kama tambi. Nilichomoa, nikasogeza, nikafuta, nikapanga. Magoti yangu yanalia. Kuhusu asante, sitegemei.

Juni 15

Nimeshangaa mpaka sasa. Baada ya chakula cha mchana aliweka santuri yake. Muziki ukaanza, ukakatika upesi, kukawa kimya. Dakika kumi nzima. Kisha akaja jikoni, akanitoa sponji mkononi, akaosha vyombo. Tetsuro! Kuosha vyombo! Alipomaliza akafuta mikono, akainamisha kichwa mbele yangu kama niko ofisini.

"Asante," akasema.

"Ya nini?"

"Unajua mwenyewe."

Nikadhani ni kwa ajili ya samaki. Kweli leo nilimchoma vizuri.

Juni 17

Mtu wa nguzo hakuja. Nimemuuliza Baba Chizuru, akasema amemzuia.

"Kwa nini?"

"Nguzo haina kazi tena. Na maua yako ni mazuri."

Nikatoka mvuani nikayatazama.

Juni 21

Upole huu unanitisha. Ananimenyea matunda. Ananingoja mlangoni nivae viatu. Leo muziki ulisikika mwembamba, nikadhani kelele za mvua kwenye bati la jirani zinaufunika. Nimempigia Chizuru simu.

"Mama, baba ana mwanamke," akasema, tena bila kusita.

"Mwanamke gani atavumilia majokofu yale?"

"Basi anaumwa."

Hilo silitaki hata kulifikiria. Mkoba wangu bado uko pale pale, ila nguo sijaweka.

Juni 28

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Leo Daktari Mizoguchi alikuja rasmi kusikiliza. Watu hawa wa vyombo vya zamani wana desturi yao: mtu akikamilisha vyombo vyake, mwenzake huja na zawadi na santuri zake mwenyewe, anakaa kwenye kiti cha katikati, anasikiliza upande mzima wa santuri bila kusema, kisha anatoa neno. Nilitengeneza vitobosha vya maharage matamu na chai baridi ya shayiri. Nilivaa hata ile blauzi ya harusi ya mpwa wangu.

Daktari akakaa. Mume wangu akashusha sindano, akakaa nyuma yake kwenye mkeka. Nami nikabaki mlangoni na sinia langu. Nilimwona Daktari sekunde ile muziki ulipoanza: mabega yake yaliruka. Akageuza kichwa kidogo kushoto. Akakirudisha. Akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka mwisho wa upande, dakika ishirini. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kipara.

"Naam," akasema hatimaye. "Ni sauti yenye… tabia yake."

"Nashukuru," akasema mume wangu, na akainama.

"Upande wa piano, hasa, ni safi sana."

"Nashukuru."

Kitobosha hakukigusa. Yeye, anayekula vitatu kabla sijaketi! Nikamsindikiza mlangoni. Alikuwa ameinama anavaa viatu, akaninong'oneza bila kuinua uso.

"Shemeji, spika ya kushoto haitoi sauti kabisa."

"Unasemaje?"

"Imekufa. Hata mtoto angesikia. Na fundi Tetsuro amekaa pale ameridhika." Akanyanyuka, macho yamemlowa. "Mimi sijasema kitu. Tafadhali, mimi sijasema kitu." Akaondoka mvuani, mwavuli akausahau.

Nilingoja Baba Chizuru aende dukani, nikaingia nyuma ya spika ya kushoto. Waya ulikuwa chini. Umekunjwa vizuri, duara juu ya duara, na juu yake tambara langu lenye harufu ya siki.

Mimi. Ni mimi niliyeuchomoa tarehe 14 nikasahau kuurudisha. Siku kumi na nne! Na mtu ambaye alikuwa akiingia ukumbini, akagonga kibonye kimoja cha piano, akasema ni panya gani kalala ndani, amekaa siku kumi na nne mbele ya spika iliyokufa.

Juni 29

Asubuhi nimesimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Chai?"

Gazeti likageuzwa ukurasa.

Nikazunguka kulia. "Chai?"

"Naam, asante."

Nimeimwaga nusu. Kiti cha mezani! Hakukuwa na baridi yoyote. Alihama ili mimi niwe upande wa sikio lililo hai. Alihama ili anisikie, na mimi nikamnunia miezi mitatu! Maskini ya Mungu. Mikono haikuchoka. Na mimi mkewe, ninayejua hata soksi zake zinatobokea wapi, sikujua.

Juni 30

Nimelia chooni. Mvua.

Julai 3

Chizuru kasema, "Mwulize!" Vijana wa Nagoya wanaongea hivyo. Utamwuliza vipi fundi wa piano kama ni kiziwi? Mwenyewe hajasema. Akitaka kusema atasema, na asipotaka, nimvue nguo barabarani?

Julai 6

Alikwenda posta. Nimeurudisha waya. Kisha nikafikiri: akisikia sauti imerudi, atajua kwamba nimegundua. Nikauchomoa. Nikakumbuka kwamba huenda hasikii tofauti yoyote, nikaurudisha. Nikasikia baiskeli yake nje, nikauchomoa tena, nikaukunja vilevile, nikaweka tambara juu. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, anatambaa nyuma ya spika kama mwizi.

Julai 8

Mvua kubwa. Mto umejaa. Plamu zimetoa maji yake vizuri.

Julai 13

Leo nilikaribia kuwa mjane.

Tulikuwa tunarudi makaburini kwa mama mkwe, kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya mpunga. Mvua ilikuwa imepungua, nikafunga mwavuli. Alikuwa hatua tano mbele yangu. Pale penye njia panda, kigari cheupe kilitokea upande wa kushoto, kikapiga honi. Kikapiga tena, ndefu. Baba Chizuru akaendelea kutembea, anatazama mpunga.

Sijui nilifikaje. Nilimshika kola ya koti kwa mikono miwili nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili ndani ya mtaro. Kigari kikasimama pale pale alipokuwa yeye.

"Hukusikia honi?" nilipiga kelele. Maji yako kiunoni, tope mdomoni. "Mara mbili! Kiziwi wewe!"

Neno likatoka. Halirudi tena. Nikaziba mdomo kwa kiganja chenye tope.

"Ndiyo," akasema taratibu. "La kushoto. Tangu Januari. Daktari alisema mshipa umekufa, halitarudi." Akajifuta uso. "Lakini hilo unalijua."

"Nalijua kwa wiki mbili tu! Kwa nini hukuniambia?"

"Wiki mbili? Umejua mwezi mzima. Tangu ulipochomoa waya."

Nikatema tope.

"Nilisikia siku ya pili yake tu," akasema. "Nimebaki na sikio moja, lakini ni sikio. Niliweka santuri, ngoma hazipo. Nikachungulia nyuma, nikakuta waya umekunjwa kwa adabu, umefunikwa. Nikasema, basi, Mama Chizuru amejua. Ananiambia kwa namna yake, bila kuniaibisha. Nikauacha vile vile, ili ujue nimekuelewa." Akakamua mkono wa koti lake. "Nilikuwa nimehangaika tangu Januari nitakwambiaje. Nilifurahi mno kwamba sikulazimika."

Ile asante. Vile vyombo. Ile nguzo. Na Daktari Mizoguchi, akitoka jasho kwenye kiti!

"Tetsuro," nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikulifanya tangu Chizuru azaliwe. "Mimi nilikuwa nafuta ukungu."

"Nini?"

"Ukungu! Kwenye mikeka! Nilichomoa nikafuta, nikasahau!"

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Hukujua?"

"Sikujua chochote! Uliponishukuru nilidhani ni samaki!"

"Samaki gani?"

"Wa kuchoma!"

Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na mimi nikacheka, mpaka nikaona kwamba yeye hacheki tena. Nikamshika kichwa kifuani pangu. Dereva wa kigari alikuwa juu ya njia na mwavuli wake, anatuinamia na kuomba radhi, anatuinamia tena na kuomba radhi.

Njiani nilimwuliza kwa nini majokofu yale, basi. Nilitembea kushoto kwake, nimemshika mkono.

"Ndizo spika za kwanza nilizozipenda, nikiwa kijana, pale sinema," akasema. "Nilitaka kujua nimebakiwa na kiasi gani. Ile santuri ninaijua yote. Ngoma kushoto, piano kulia. Waya ulipokuwepo vyote nilisikia, lakini sikujua kipi kinatoka wapi. Vilijirundika pamoja, kama watu waliosongamana mlangoni. Nikadhani nikikaa vizuri, vikiwa vyombo vizuri, vitaachana."

"Vikaachana?"

"Hapana."

Julai 14

Homa, wote wawili. Uji na plamu ya mwaka jana.

Julai 16

Daktari Mizoguchi kafuata mwavuli wake. Mume wangu akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele yangu. Daktari akainama mpaka paji likagusa mkeka. Kisha akala vitobosha vinne.

"Lakini ile siku," mume wangu akamwambia, "ulisema sauti ina tabia yake."

"Ningesema nini, ndugu yangu? Nilikuwa nakufa."

Julai 19

Redio imesema masika yamekwisha. Nje, mbingu ni buluu tupu na vinyenze wanapiga kelele utadhani wamelipwa. Nimeanika plamu zote kwenye nyungo uani, kando ya ajisai. Maua yake sasa yamekauka, lakini kichaka kipo.

Baba Chizuru alikuwa amesimama karibu na mkoba wangu.

"Mvua zimekatika," akasema.

"Nimesikia."

"Nilikubali. Ama masanduku, ama wewe. Nimempigia mtu wa kigari, anaweza kuja leo mchana." Alikuwa anatazama miguu yake. "Vimefanya kazi yake. Nimeshajua nilichotaka kujua."

Nilikwenda chumba cha mikeka, nikapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, nikatoa tambara, nikakunjua waya, nikauchomeka. Safari hii nilitazama mara mbili.

"Haina haja," akasema mlangoni. "Kwangu ni bure."

"Nani kakwambia ni yako?" nikasema. "Hii ya kushoto ni yangu. Mpigie mtu wa kigari asije."

Nilichukua mto wangu wa kukalia, nikauweka kushoto kwa kiti chake. Wiki zote zile sikuwahi kukaa humu hata mara moja. Kisha akaitoa santuri yake, akaipangusa, akashusha sindano, akaja kukaa. Sauti ikajaa chumba kizima, hadi picha ya mama mkwe ikatikisika kidogo, na naomba anisamehe.

Alikuwa amekunja uso, anatafuta.

"Ngoma ziko wapi?" akaniuliza.

"Huku kwangu."

"Piano?"

"Kwako."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafumba macho, akageuza uso upande wangu.